Sababu Walitajiwa, Nia Wakafichwa

(Haya ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyotangazwa redioni.)



Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniletea barua fupi yenye swali moja tu. Anauliza: "Mzee, serikali ikipeleka askari katika nchi ya watu, sisi wananchi wa kawaida tutajuaje kama wamekwenda kulinda haki au wamekwenda kulinda mali za wakubwa?" Hakuongeza neno, wala hakutaja nchi. Lakini swali hilo ni zito, na leo nitajaribu kulijibu kwa kutumia vita ambavyo wengi wetu tulivisikia kwa mbali kisha tukavisahau. Nazungumzia vita vya Zimbabwe katika Kongo, kuanzia mwaka 1998 hadi mwaka 2002.

Nimeichagua Zimbabwe kwa sababu yote anayoyauliza msikilizaji wetu yapo pale. Ipo sababu iliyokuwa na uzito, wapo wananchi wasioitaka vita, ipo serikali iliyoficha madaftari, na mwishoni zipo kura.

Sisi Watanzania tunacho kipimo chetu cha mambo haya. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao. Maneno yale tumeyazoea mno, siku hizi tunayatumia hata kwenye mpira na vikao vya harusi. Kwa kuyazoea tumesahau kwamba ni mambo matatu, na kila moja lina njia yake. Mtu anaweza kuwa na sababu akakosa uwezo. Anaweza kuwa na uwezo akakosa sababu. Na hili ndilo la leo: anaweza kuwa na sababu ya kweli kabisa, lakini nia yake ikawa nyingine.

Tuanze na sababu, maana haki ni haki hata kwa mtu usiyempenda.

Laurent Kabila alishika madaraka Kinshasa Mei 1997 kwa msaada mkubwa wa Rwanda na Uganda. Mwaka uliofuata akawaambia askari wa Rwanda waondoke. Tarehe 2 Agosti 1998 uasi ukazuka mashariki mwa Kongo, na nyuma ya waasi wakawapo wale wale waliomwingiza Ikulu. Siku chache baadaye ndege zilibeba askari kutoka Goma, zikakatiza nchi nzima na kuwashusha Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Wakaliteka bwawa la umeme la Inga, na Kinshasa ikaingia gizani. Mji mkuu ulikuwa unakaribia kuanguka.

Kongo ilikuwa imejiunga na SADC mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1997. Rais Robert Mugabe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chombo cha siasa na ulinzi cha jumuiya hiyo. Akasema mwanachama mwenzetu amevamiwa, na kumsaidia ni wajibu. Zimbabwe, Angola na Namibia zikapeleka majeshi, na Kinshasa ikanusurika. Afrika Kusini ya Mzee Mandela ilitaka mazungumzo kwanza, na kukawa na mabishano makali kama kweli SADC nzima ilikuwa imekubali, au baadhi yao walilitumia jina la wote.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, sababu ilikuwapo. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa kwa kuingiza majeshi Kongo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Mugabe alizua jambo kutoka hewani. Nchi ilivamiwa, ikaomba msaada, ikasaidiwa.

Mbona basi wananchi wake walinung'unika?

Tazameni hali yao ilivyokuwa. Novemba 1997 dola ya Zimbabwe ilianguka vibaya kwa siku moja, baada ya serikali kuahidi wapiganaji wa zamani wa ukombozi malipo ambayo hayakuwa kwenye bajeti. Januari 1998 bei za vyakula zilipanda, watu wakaingia barabarani Harare na miji mingine, jeshi likatolewa kuwatuliza, na watu wakafa. Askari wale wale walioonekana mitaani Januari, Agosti wakapelekwa Kongo. Kisha Novemba 1998 bei ya mafuta ikapandishwa kwa zaidi ya nusu kwa mpigo. Vyama vya wafanyakazi chini ya Morgan Tsvangirai vikaitisha migomo ya watu kubaki nyumbani, na serikali ikajibu kwa kuipiga migomo marufuku.

Mfanyakazi wa Chitungwiza anayeamka alfajiri kugombania basi hamchukii Mkongo. Yeye hesabu yake ni fupi: nimeambiwa fedha za kupunguza nauli hakuna, sasa za kurusha ndege za kivita zimetoka wapi? Zimbabwe haipakani na Kongo. Katikati iko Zambia. Mwaka 1978 mtu wa Bukoba hakuhitaji kueleweshwa vita ni vya nini, maana alikuwa akiisikia mizinga. Mwaka 1998 mtu wa Bulawayo alipaswa kuivuka Zambia yote ili afike tu mpakani mwa nchi ambayo mwanawe alikuwa akipigania.

Wazimbabwe hawakuwa wageni wa kupeleka askari nje. Katika miaka ya 1980 majeshi yao yalikaa Msumbiji kwa miaka mingi, yakilinda njia ya Beira: reli, barabara na bomba la mafuta. Kule napo walikufa watu na fedha zilitumika. Lakini mwananchi aliweza kuona uhusiano, kwamba bomba likikatwa Beira, gari halitembei Harare. Kwa Kongo, uhusiano huo haukuonekana, na aliyetakiwa kuueleza hakuueleza. Bunge halikuulizwa kwanza. Watu waliarifiwa kama jirani anavyokuarifu kwamba amekwisha kumuuza mbuzi wako.

Sasa nije kwenye ukimya, maana hapo ndipo nia inapoanza kunusa.

Januari 1999 gazeti la The Standard la Harare liliandika kwamba askari 23 walikuwa wamekamatwa kwa tuhuma za kupanga kupindua serikali, na kwamba vita vya Kongo vilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Serikali ilikanusha. Haya, kukanusha ni haki yake. Lakini haikuishia kwenye kukanusha. Mhariri Mark Chavunduka na mwandishi Ray Choto walikamatwa, wakafikishwa mikononi mwa jeshi, ambalo halina mamlaka ya kumkamata raia. Mahakama iliamuru Chavunduka aachiwe, jeshi likaikaidi amri ya mahakama. Walipotoka, madaktari walithibitisha alama za mateso miilini mwao. Majaji walipomwandikia Rais kumtaka aseme neno juu ya utawala wa sheria, Rais alitokea kwenye televisheni akawaambia majaji hao wajiuzulu. Mei 2000 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ilikitupa kifungu cha sheria walichoshtakiwa nacho. Kifungu hicho walikirithi kutoka kwa utawala wa Wazungu wachache, ule ule waliokuwa wameupigania uondoke.

Nauliza: kama habari ile ilikuwa ya uongo, dawa yake ilikuwa ngumu gani? Si kuwaita waandishi, kuwaonyesha hao askari, na kutangaza idadi ya waliokufa vitani ili uvumi ufe? Habari ya uongo hujibiwa kwa takwimu. Serikali inapojibu kwa kipigo, hata aliyekuwa haamini uvumi huanza kuuamini.

Baada ya maiti kufichwa, zikafichwa fedha. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka kujua vita vinagharimu kiasi gani kabla ya kuikopesha Zimbabwe. Likaambiwa ni kama dola milioni 3 za Marekani kwa mwezi. Oktoba 1999 gazeti la Financial Times la London lilitoa habari za waraka wa ndani wa serikali ulioonyesha kwamba kuanzia Januari hadi Juni mwaka huo zilitumika dola milioni 166. Chukueni karatasi mpige hesabu. Milioni 3 mara miezi 6 ni milioni 18. Kutoka 18 hadi 166, hapo mtu hawezi kusema kalamu iliteleza.

Mkopeshaji aliambiwa hivyo. Je, mlipa kodi aliambiwa nini? 

Na nia, ndugu zangu? Nia ya mtu iko moyoni, na moyo hauna dirisha. Lakini serikali si mtu mmoja. Serikali ina mikataba, ina kampuni, ina saini. Ukitaka kujua nia yake, acha hotuba, fuata saini.

Novemba 1998, miezi mitatu tu baada ya askari kufika, mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, aliwekwa kuongoza Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo lenye shaba na kobalti ya Katanga. Mwaka 1999 ikaundwa kampuni iliyoitwa OSLEG, na miongoni mwa wakurugenzi wake alikuwamo mkuu wa majeshi ya Zimbabwe mwenyewe, Jenerali Vitalis Zvinavashe, pamoja na katibu mkuu wa Wizara ya Ulinzi. Kampuni hiyo ikaingia ubia na kampuni ya upande wa Kabila. Yakafuata machimbo ya almasi karibu na Mbuji-Mayi. Ukafuata msitu wa mbao, na eneo lililotajwa lilikuwa hekta milioni 33. Hilo ni karibu sawa na eneo lote la Zimbabwe. Mtu amekwenda kumsaidia jirani kufukuza mwizi, anarudi na hati ya shamba la jirani.

Na hapo lugha nayo ikabadilika. Mwanzo tulisikia uhuru wa nchi, mipaka na udugu wa SADC. Baadaye wakubwa wakaanza kusema waziwazi kwamba hakuna ubaya Zimbabwe ikifaidi madini ya Kongo, maana hata makampuni ya Ulaya yanafaidi. Hoja hiyo ina utamu wake, nakubali. Lakini tuiulize swali moja: Zimbabwe ipi iliyofaidi? Oktoba 2002 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake. Likasema mtandao wa wakubwa wa Kongo na wa Zimbabwe, wanasiasa, wanajeshi na wafanyabiashara, katika miaka 3 ulikuwa umehamisha mali ya sekta ya madini ya serikali yenye thamani isiyopungua dola bilioni 5 kwenda kwenye kampuni binafsi, bila hazina ya Kongo kulipwa kitu. Serikali ya Zimbabwe iliikataa ripoti hiyo. Lakini kama kuna shule au zahanati ya Chitungwiza iliyojengwa kwa almasi ya Mbuji-Mayi, mimi sijaisikia. Mkongo aliibiwa, na Mzimbabwe alilipia nauli ya mwizi.

Sisemi kwamba Mugabe alipeleka jeshi kwa ajili ya almasi tangu siku ya kwanza. Sidhani hivyo. Naamini mwanzo yalikuwapo mambo mengi pamoja: sheria ya kweli, heshima ya mkongwe wa ukombozi aliyeona Mandela amemfunika, na mkataba wa silaha ambao Kabila alikuwa bado anadaiwa. Lakini vita visivyokaguliwa ni kama ghala lisilo na mlinzi. Hata aliyeingia kwa nia safi, akikaa humo peke yake usiku na mchana, mkono utaanza kuzoea magunia.

Wananchi nao wakapata siku yao. Februari 2000 serikali iliwaomba waikubali katiba mpya. Karibu asilimia 55 wakasema hapana, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa chama tawala kushindwa kura ya nchi nzima tangu uhuru. Juni mwaka huo chama cha upinzani cha MDC, ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja, kilipata viti 57 dhidi ya 62 vya chama tawala, pamoja na vitisho na umwagaji damu wa kampeni zile. Kongo haikuwa sababu pekee. Ilikuwapo katiba, ardhi, ajira na bei ya unga. Lakini kwa mpiga kura mambo hayo hayakuwa mafungu mbalimbali. Aliyaona yote kama tabia moja, ya watu wanaotumia bila kuuliza. Askari wa mwisho walirudi nyumbani Oktoba 2002.

Nisije nikaonekana nimeionea Zimbabwe peke yake. Uganda nayo ilitaja sababu yenye uzito: waasi wa ADF waliokuwa wakiishambulia kutoka Kongo. Lakini waasi hao walikuwa milima ya mpakani, na majeshi ya Uganda yakaonekana Kisangani, mamia ya kilomita kutoka mpakani. Tena Juni 2000 yakapigana pale na majeshi ya Rwanda, rafiki yao, katikati ya mji wa watu, mabomu yakaanguka juu ya Wakongo ambao hawakumkosea yeyote kati yao. Februari 2022 mahakama ile ya The Hague iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa uharibifu, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka kuanzia mwaka huo huo. Askari wa Uganda waliondoka Kongo mwaka 2003. Kijana aliyezaliwa Kampala mwaka huo, alipokua na kuanza kununua sukari, kodi yake ilikuja kulipia vita vilivyokwisha kabla hajajua kutambaa.

Na sisi? Vita vya Kagera wananchi walivikubali kwa sababu waliambiwa mapema na wakaona wenyewe. Lakini tuseme ukweli, vilianza kwa kumtoa mvamizi kwenye ardhi yetu, vikaishia Kampala Aprili 1979, na katika mkutano wa OAU kule Monrovia mwaka huo wapo waliotulaumu. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Wazee wenzangu wanajua mikanda ile ilifungwa kwa muda gani. Hata vita vyenye sababu njema vina bili, na bili huletwa kwa asiyekuwapo wakati wa kuagiza.

Nayasema haya leo kwa sababu Kongo haijatulia, na askari wa kanda yetu wameendelea kwenda huko. Kikosi cha SADC kilichopelekwa Desemba 2023 kilikuwa na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, Afrika Kusini peke yake ilipoteza askari 14, na wananchi wake wakauliza kwa sauti kubwa walikuwa wanatafuta nini kule. Machi 2025 SADC ikakifunga kikosi hicho. Mimi siko miongoni mwa wanaosema tusiende popote. Mikoa ya Kigoma na Kagera imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, tunajua moto wa jirani unavyoruka. Ninachosema ni kwamba anayekwenda aage vizuri.

Basi ndugu yangu wa Temeke, jibu langu ni hili. Usianze kwa kuuliza nia, maana utajibiwa hotuba. Uliza mambo manne. Bunge limejadili kabla au baada? Waliokufa na kujeruhiwa wanatangazwa kwa idadi? Gharama imo katika bajeti, na inatoka fungu gani? Na kule askari waliko, ni kampuni ya nani imefuata nyuma yao?

Utaambiwa hiyo ni siri ya jeshi. Siri ya jeshi naiheshimu. Siri ya jeshi ni kikosi kitalala wapi usiku huu, na kesho kitapitia njia gani. Fedha za mwaka jana si siri ya jeshi. Adui anajua ameua wangapi, jenerali anajua amezika wangapi, mwenye kampuni anajua ameuza karati ngapi. Akibaki mmoja tu asiyejua, naye ni yule aliyetoa mtoto na kodi, basi ujue siri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya adui.